Lemonia Hajaachiwa

Athene, 4 Februari 2018

Mama mpendwa,

Naibusu mikono yako. Goti linasemaje? Na huko Mani baridi imekuachia angalau jua la mchana ukae nje? Mimi mzima, ila nimekonda kidogo. Nakwambia mapema kabla shangazi Paraskevo hajakwambia, maana alinikuta sokoni hapa akanigeuza na kunitazama kama mtu anayechagua kuku.

Nina habari njema. Studio imenipa filamu nzima niisimamie. Ni katuni ya familia, watoto na bibi zao waingie pamoja, na kisa ni kile cha Persefoni. Binti anachuma maua, ardhi inafunguka, mfalme wa wafu anamchukua. Dimitra, mama yake, anamtafuta dunia nzima, na ngano inagoma kuota mpaka binti arudishwe. Ila huko chini amekwisha kula komamanga, basi kila mwaka lazima ashuke tena.

Mkuu wa studio, Bwana Aristos, anataka arudi moja kwa moja, asishuke tena. Anasema watu hawanunui tiketi ili watoto wao walie. Wenzangu walinitazama wakitaraji nitambishia. Sikumbishia, mama. Hata mimi nataka arudi.

Niandikie, maana najua simu hutaishika.

Binti yako,
Anthi

Mani, 20 Februari 2018

Mwanangu Anthi,

Barua imenikuta hai, na goti ni lilelile, halipandi wala halishuki. Kula, mwanangu. Nakutumia lalangia, yale maandazi yetu ya kukaanga, kwa mkono wa dereva wa basi, na usiwagawie hao wachoraji wako kabla hujashiba.

Nimefurahi wamekupa kazi kubwa. Lakini huyo Aristos wako ana mama kweli? Binti lazima ashuke, hata mtoto wa chekechea anajua. Asiposhuka, majira ya baridi yatatoka wapi?

Sasa nisikilize. Padri Lambros amesema mdogo wako Lemonia amekaa ardhini muda wa kutosha, na makaburi yetu unayajua yalivyobanana. Septemba tutamtoa, kama desturi yetu. Tutaiosha mifupa kwa mvinyo, tuifunge kwa kitambaa cheupe, tuiweke kwenye sanduku karibu na ya baba yako. Mama haoshi peke yake. Dada ndiye anayeshika beseni.

Naye mwenyewe ameanza kuuliza. Nimemwota amesimama mlangoni, akanambia, "Mama, nguo zangu zimelowa." Wanawake wote hapa wanajua maana yake. Anataka kutoka.

Simu usipige. Tangu ile iliyoniambia habari za Lemonia na pikipiki, naiacha ilie mpaka ichoke yenyewe.

Mama yako,
Metaxia

Athene, 2 Septemba 2018

Mama,

Naibusu mikono yako, na naomba barua hii ikukute umekaa. Sitaweza kuja. Kazi imechelewa, na Bwana Aristos anapita kila asubuhi kutuchungulia nyuma ya mabega. Hiyo ndiyo sababu niliyomwandikia Padri Lambros. Wewe nakwambia ya kweli.

Persefoni ana uso wa Lemonia. Nilipomchora mimi mara ya kwanza sikushangaa, nani mwingine ningemchora? Lakini filamu hii inachorwa na watu wengi. Yuko kijana wa Thesaloniki, Fotis, ambaye hajawahi kufika kwetu wala kuona picha ya mdogo wangu. Juzi kaniletea Persefoni akikimbia shambani, na meno ya mbele yana ule mwanya wa Lemonia. Halafu binti huyo akasimama, akazipitisha nywele nyuma ya sikio la kushoto kwa kidole gumba, vilevile alivyokuwa akifanya mdogo wangu akitaka kukudanganya.

Nikamuuliza, "Fotis, nani kakwambia umchore hivi?"

"Hakuna, dada. Nikimchora vingine hatulii."

Lakini sikuogopa kama ilivyopasa. Nilikaa nikamtazama akikimbia na kurudi, akikimbia na kurudi. Hapa anacheka. Wewe unaniita nikamshike akiwa mifupa. Siwezi. Nakusihi, msifungue mpaka nitakapokuwa tayari.

Binti yako,
Anthi

Mani, 30 Septemba 2018

Anthi,

Mimi nipo. Wewe sijui uko wapi.

Tumefungua. Stathis mchimbaji alichimba, Padri akasoma, nami nikapiga magoti pembeni na mvinyo wangu, beseni likashikwa na Paraskevo badala yako. Jembe lilipogusa ubao Stathis akaingia kwa mikono, kama desturi. Halafu akatoka haraka, akafanya ishara ya msalaba, hakutaka kunitazama.

Dada yako hajaachiwa na ardhi. Nywele zipo, Anthi, na utepe wake umo. Uso sikuruhusiwa kuuona, Paraskevo alinifunika macho na shali yake. Padri alimwaga mafuta na mvinyo, tukamfukia upya kama siku ile ya kwanza. Nilimzika binti yangu mara mbili, na mara ya pili sikuwa na mtu wa kunishika mkono.

Unajua watu wanavyosema. Maiti asiyeoza kuna aliye hai anayemshikilia. Waliulizana kanisani nani, na mimi nikaibana barua yako mfukoni mwangu. Ni wewe. Unamkimbiza huko na huko mchana kutwa, atalalaje? Padri anasema tungoje miaka mingine mitatu.

Mwachie mdogo wako. Mwache ashuke.

Mama yako

Athene, 11 Mei 2021

Mama mpendwa,

Naibusu mikono yako, kama bado unanipa. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Uliniumiza, na nilipopoa nikaona aibu, na aibu ilidumu kuliko hasira. Paraskevo ananipa habari zako. Najua goti sasa linatembea kwa fimbo na kwamba fimbo unaitumia kufukuza mbuzi wa jirani.

Filamu imekwisha. Nilimwambia Bwana Aristos kwamba binti atashuka, la sivyo atafute msimamizi mwingine. Tuligombana majira yote ya baridi. Mwishowe alichoka.

Onyesho la mwisho nimelichora mwenyewe. Dimitra anamsindikiza binti mpaka kwenye mdomo wa ardhi. Anamfunga vizuri kamba za viatu. Halafu anamwachia mkono, na binti anashuka bila kugeuka. Basi. Hakuna kilio, hakuna radi.

Nilipomaliza, Fotis akaniletea michoro yake mipya ya kurekebisha. Persefoni alikuwa binti tu, mzuri, meno yamebanana. Nikatafuta kila karatasi. Lemonia hakuwemo tena. Nililia mezani mbele ya watu wote, mama, lakini nilikuwa nimemwachia.

Itaonyeshwa Julai kwenye sinema ya kiangazi ya Areopoli. Nenda na Paraskevo. Septemba nitakuja, tumfungue pamoja, na safari hii beseni nitalishika mimi.

Binti yako,
Anthi

Mani, 25 Julai 2021

Mwanangu Anthi,

Natumaini unakula. Mikono yangu ni yako, ibusu unavyotaka.

Tulikwenda. Watoto walijaa, wakitafuna mbegu za alizeti na kumzomea mfalme wa wafu. Na mimi nilicheka, yule mbwa wake mwenye vichwa vitatu ni mpumbavu kama Stathis. Umefanya kazi nzuri. Baba yako angetembea kijiji kizima akijisifu.

Kisha mama akamfunga binti viatu. Ulisema uso umeondoka, na kweli sikuuona. Alikuwa mtoto wa mtu mwingine. Lakini alipoachiwa mkono nilisimama. Nikapita katikati ya viti mpaka mbele, kivuli changu kikafunika pazia lote la picha, nikasema kwa sauti, "Lemonia, usishuke." Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo. Paraskevo alinitoa kwa kunishika kiuno.

Nimemwota tena. Hakulalamikia nguo. Alinitazama kwa huruma, akanambia, "Mama, legeza vidole."

Padri Lambros ameuliza kama tufungue Septemba. Nimemwambia bado. Usipoteze nauli, mwanangu, na usijilaumu tena kwa neno nililokuandikia. Siyo wewe uliyemshika. Na mimi sijui kulegeza.

Mama yako,
Metaxia