Sufuria Uliyoomba Sikutumii

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

20 Februari, 2025

Mpendwa mdogo wangu Ismail,

Assalaam aleykum. Na marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa huko huko, si unaniogopa. Hujambo lakini? Kifua je? Na wale nyuki wameacha kukuvimbisha uso? Sisi huku wazima. Mama mkwe wangu, Bi Zamzam, miguu inamsumbua, ila mdomo wake hausumbuliwi na kitu. Mimi afya ninayo. Nakula, naswali, nalala. Zaidi ya hapo sina la kufanya, ndiyo maana barua yako nimeirudia mpaka imechakaa kwenye mikunjo.

Kabla sijakujibu nikwambie hali yangu. Bado niko edani. Chumba ni kile kile cha juu nilichokaa na marehemu Fikirini, ila nyuma yetu wamepandisha ghorofa jipya na tofali zimefika hadi dirishani kwangu. Nikinyoosha mkono nazigusa. Mwanga hauingii, upepo hauingii, zinazoingia ni sauti tu za wauza nguo huko chini na vipaza sauti vyao: "Buku tano, buku tano, dada usipite!" Na huyo dada hata kupita kwenyewe hawezi. Navaa nyeupe, sipaki wanja, sijifukizi, sishuki ngazi. Kila anayekuja ananiambia nivumilie. Navumilia, Ismail, lakini nimechoka. Nimefika mahali nawaonea wivu machinga wakifukuzwa na mgambo, angalau wao wanapata pa kukimbilia.

Sasa nije kwenye yako. Tangu uichukue kazi ya shemeji yako ya kununua asali na uyoga mkavu huko misitu ya Katavi, hii ndiyo barua yako ya kwanza ndefu, na nusu yake ni upuuzi. Umeandika kwamba mvua hazikatiki, njia ya kutoka kambini imeoza, na lori linaweza kukwama porini wakati wowote. Halafu ukasema hilo halikutishi. Ati akina mama wa kambini wamekuonyesha uyoga, msitu wote umejaa, kwa hiyo ukikwama utachuma na kupika, na chakula cha njiani huna haja ya kubeba. Nafasi yake utapakia ndoo nyingine ya asali. Kisha ukaniagiza sabuni, tochi, na sufuria ndogo.

Niliposoma hapo kwenye sufuria nilikaa chini. Nilikuwa nimeshakaa, lakini nilikaa tena.

Hivi Ismail, una akili sawasawa? Shemeji yako alikufa na nini?

Pengine hujui. Ulifika tumeshazika, watu wamejaa hadi barabarani, mmoja akakwambia ini, mwingine homa ya manjano, mwingine kalogwa na watu wa huko. Mimi nilikuwa ndani nimezungukwa na wanawake. Hakuna aliyekuweka kitako akakueleza, na ukaenda huko huko alikotoka yeye. Basi ngoja nikueleze mimi, kama nilivyoelezwa na Isidori dereva, ambaye ndiye alikuwa naye, na ndiye anayekuletea barua hii.

Isidori alikuja kunipa pole baada ya arobaini. Unajua taratibu, mwanaume wa nje haingii kwangu. Akasimama koridoni, pazia limeshushwa, Bi Zamzam kakaa kwenye kigoda katikati yetu na tasbihi yake. Mimi nilichokuwa nakiona ni makobazi ya Isidori tu. Akaanza kusimulia, na kila alipofika pagumu yale makobazi yalikuwa yanasogea nyuma kidogo, mpaka nikaogopa atashuka ngazi kabla hajamaliza.

Walikuwa wanaingia porini kununua, kwa hiyo lori lilibeba ndoo tupu. Mvua ikawakuta katikati ya msitu, magurudumu yakazama, na kijito nyuma yao kikajaa. Mbele hawaendi, nyuma hawarudi, simu haina mtandao. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili mkate ukaisha, na Fikirini akaanza kuzunguka lori kama simba wa maonyesho. Unamjua shemeji yako, njaa ilikuwa inamfanya mkali. Akaingia chini ya miti akarudi na shati limejaa uyoga, mweupe, mnene, unapendeza. Isidori akamuuliza ana hakika? Akajibiwa: "Mimi nimeuza uyoga tangu sijaota ndevu, huu utanishinda?"

Hapo ndipo panaponiuma. Ni kweli aliuuza. Ukimfumba macho akashika kiganja cha uyoga mkavu, angekwambia umetoka wapi na umekaa gunia muda gani. Lakini uyoga unafika Kariakoo umeshakatwa shina, umechanwa, umekaushwa. Wanaouchuma wanautazama wote, hadi sehemu ya chini kabisa inayokaa udongoni, kisha wanakata. Sisi huku hatujawahi kuuona mguu wake. Isidori anasema Fikirini alikaa kwenye ngazi ya lori na kisu, anakata mashina anatupa kwenye tope, anaupanga vizuri juu ya turubai, anasema, "Unaona? Huu ndio wetu, dukani unakuja hivi hivi."

Tulipomlaza hospitali, daktari alipokuja kuniuliza kama chini ya shina kulikuwa na kitu kama kifuko, sikujua. Isidori naye hakujua. Kitu ambacho kingemwonya mume wangu alikikata mwenyewe ili ufanane na bidhaa.

Akaupika, akaula, akausifu. Akamcheka Isidori, kwa sababu Isidori uyoga haumpandi hata ukiupika kwa nazi. Yeye alikinga maji ya mvua kwenye turubai, akanywa, akalala na njaa yake. Kesho yake Fikirini akaanza kutapika na kuharisha mpaka akashindwa kusimama. Isidori akahangaika naye. Halafu, sikiliza vizuri hapa, akapona. Akaamka mzima, akaomba chai. Na siku hiyo hiyo likaja trekta la wapasua mbao likawavuta. Wangekuwa wamelala njaa tu, wote wawili wangekuwa wametoka.

Walipopata mtandao alinipigia. Alikuwa anacheka, Ismail! Akasema, "Kuruthu, uyoga umenisafisha mpaka utumbo, sasa niko sawa. Nipikie wali wa nazi na papa, nakuja na tumbo tupu." Isidori alimsihi apitie hospitali, akasema mtu aliyepona anaenda hospitali kufanya nini? Akapanda basi. Alipoingia mlangoni macho yalikuwa ya njano kama embe. Daktari alinieleza baadaye kwamba sumu ile ndivyo ilivyo, inakuacha unajiona umepona na huku inamalizia ini, na kuchemsha hakuiondoi. Wali nilipika. Hakuugusa.

Nimemkasirikia sana, nikwambie ukweli. Bi Zamzam akinisikia nasema hivyo ananiziba mdomo, ati marehemu hasemwi. Lakini mimi nakaa humu ndani naangalia tofali na hasira inapanda. Nimekosa mume kwa sababu hakutaka kulala njaa siku mbili zaidi. Nalia, kisha nakasirika, kisha nalia tena.

Haya, tuje kwako. Umeandika kwamba ukiona konokono au nyani wameula basi ni salama. Konokono ana ini lake na wewe una lako, usilinganishe. Ukasema ukipikwa na kitunguu, na kitunguu kisigeuke rangi, basi ni mzuri. Nani kakwambia? Kitunguu kinajua nini! Na hilo la kifuko nimekwambia ili ujue alivyokosea shemeji yako, siyo uende kuchimbua mashina ukijiona fundi. Usipokiona kifuko usijidanganye kwamba umesalimika.

Uyoga wenyewe sijaukataa. Wakipika hao mama, kwa uyoga waliouchuma wao, kaa nao ule na usifu. Wao wameonyeshwa na mama zao tangu wadogo, mwaka hadi mwaka, na msitu ni wao. Wewe umeonyeshwa wiki mbili.

Na hata ukiwa mzuri, tusidanganyane, unashibisha nini? Wewe umekulia jikoni kwangu. Beseni zima la uyoga mbichi ukiliweka motoni linatoa maji, linanywea, unabaki na kiganja. Sasa mtu amekwama porini, amechoka, aanze kuzunguka kwenye mvua, apotee njia, ateleze, akanyage nyoka, kwa ajili ya kiganja? Nguvu utakayotumia kuutafuta haitarudishwa na huo uyoga. Ningekuelewa ungesema hakuna kingine. Lakini Ismail mjinga wewe, wewe utakuwa unatoka na lori limejaa asali, halafu unawaza uyoga! Fungua ndoo ule asali. Ukifika dukani wakiuliza, sema Kuruthumu ndiye aliyeamuru.

Njaa tunaijua. Ramadhani hiyo inabisha hodi, tutafunga mwezi mzima na hakuna atakayezikwa. Najua wewe ulikuwa unakunywa maji bafuni ukidhani sikuoni, lakini umeshakuwa mtu mzima. Ukikwama, kaa na lori. Usiliache. Kinga maji, yachemshe kama moto upo, kunywa, lala, omba Mungu. Siku mbili tatu za njaa zinauma, zinakufanya uwaze mambo ya ajabu, lakini zinapita. Muulize Isidori. Mwembamba alikuwa, na sasa kanenepa.

Nakutumia kifurushi. Sabuni ipo, tochi ipo na betri za akiba. Kuna tende, karanga za kukaanga, kashata, na visheti alivyovikaanga Bi Zamzam mwenyewe, amekaa kwenye jiko na miguu yake ile. Vyote vinaliwa bila moto. Ole wako uvimalize kambini kwa wiki moja na wenzako. Ni vya njiani.

Nina jambo jingine, nalo ndilo kubwa. Idi ikipita, eda yangu inaisha. Nitaoshwa, dua itasomwa, na watu wangu watatakiwa kuja. Bi Zamzam anataka nibaki, anasema chumba ni changu mpaka nife. Ananipenda, nami nampenda, ananitunza kama yai. Lakini nikibaki humu, Ismail, nitakufa nikiwa hai. Kila kitu humu kina alama ya Fikirini, na dirisha ndiyo hilo limeshazibwa. Nataka nirudi Buguruni, kwenye vyumba alivyotuachia mama, nisikie mafundi wanagonga mabati, niuze maandazi asubuhi, nitembee.

Sasa nitatokaje? Siwezi kushuka ngazi na begi langu peke yangu kama niliyefukuzwa, nitamvunja moyo mama wa watu, na jamaa watasema. Lazima aje mtu wa kwetu, aketi na wakubwa wa hapa, aseme kwa heshima, "Tumekuja kumchukua dada yetu." Baba hayupo, mama hayupo. Nimehesabu watu wetu, na hesabu haikuchukua muda, kwa sababu ni wewe tu. Usipokuja wewe, mimi mlango huu nitautazama mpaka nizeeke. Nakwambia wazi ili huko porini ukisikia njaa ujue unachezea miguu ya nani.

Nisalimie Isidori, ingawa yuko hapo mbele yako anakusubiri umalize kusoma. Mwambie nasema asante tena. Wasalimie hao akina mama wa kambini, waambie dada yako anawaomba wakupikie wao na wasikuachie ukachume peke yako. Bi Zamzam anakusalimu, anasema usiache swala. Jirani Fatuma anakuulizia, na mimi nimemwambia umekuwa mweusi na mbaya, lakini ameendelea kukuulizia. Mwenyezi Mungu akufunike kwa ulinzi wake, akutoe huko salama mbele na nyuma, na mvua akuelekezee mbali.

Kuhusu sufuria. Isidori alipokuja siku ile aliacha mfuko wa vitu vya Fikirini: shuka, kile kisu, na sufuria yenyewe. Bi Zamzam alitaka kuisugua, nikamkatalia. Ipo chini ya kitanda na masizi yake ya huko. Sikutumii. Siku utakayokuja kunichukua tutashuka nayo, mimi na wewe, na tukifika Buguruni nitaisugua kwa mchanga mpaka ing'ae, kisha nitapika wali wa nazi na papa. Nataka uje na njaa, Ismail. Na huo wali utaula mbele yangu.

Mimi dada yako nikupendaye hata nikikugombeza,

Kuruthumu