Shukrani za Mama Bwenini

Bwenini, 3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na kula nakula, usianze kuniuliza. Mgongo vipi? Cherehani isikumalize, nguo za watu zinaweza kusubiri.

Huku kuna jipya. Chuo kimeamua kila bweni liwe na mhadhiri wa kuishi nasi, ale nasi, atulee. Wetu ni mwanamama anayefundisha takwimu. Tulinuna wiki nzima, tukidhani tumeletewa askari. Kumbe mtu na utu wake. Kila Alhamisi tunajazana sebuleni kwake, anatumiminia chai na kuuliza nani amelia wiki hii. Aliyekwama kwenye masomo anafundishwa palepale kwenye zulia.

Sasa sikia. Rafiki yangu Kijiti alikosa chumba, maana vyumba havitoshi, na kwao hawana uwezo wa kumpangishia mjini. Nimembeba kitandani kwangu, tunalala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pake. Sheria hairuhusu. Lakini mwalimu anapokuja kukagua vyumba huanza kukohoa tangu kwenye ngazi, anakohoa weee mpaka Kijiti awe ameshajificha bafuni. Na kifua chake kizima kabisa. Tumempa jina Mama Kikohozi. Hajawahi kututajia jambo hilo, nasi hatujamtajia.

Mwisho wa mwezi ni siku ya wazazi. Ukipata nafasi, njoo.

Mwanao


Nyumbani, 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha umri wangu kila asubuhi. Wewe kula, nitaendelea kuuliza mpaka nife.

Huyo mwalimu amenirudishia usingizi. Tangu uondoke nilikuwa nalala jicho moja wazi. Mwambie Kijiti nimemshonea gauni. Vipimo nimekisia kwa jina lake, likimbana asinilaumu.

Siku ya wazazi nitakuja. Mtu akikulelea mtoto, humpiti kimya kama nguzo ya umeme.

Mama yako


Bwenini, 6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Ulipoomba kipaza sauti nilidhani unataka kusalimia tu. Ukasimama mbele ya wazazi wote ukamshukuru mwalimu kwa kumsitiri msichana asiye na chumba, tena kitandani kwa mwanao. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mwalimu alikuwa anatazama sakafu. Mkuu wa wanafunzi, yule aliyekaa pembeni yake, hakupiga.

Asubuhi yake Kijiti alitolewa na begi lake. Akajaribu kulala maktaba, walinzi wakamfukuza. Sasa amerudi kwao, na mitihani ni mwezi ujao. Gauni ameondoka nalo. Mwalimu aliitwa ofisini, akasema hakujua lolote, akaitwa mzembe mbele ya wenzake. Uzembe ndio uliomwokolea kazi yake.

Sisi sote tulikuwa tunajua, Mama. Ilikuwa inawezekana kwa sababu hakuna aliyesema.

Mwanao


Nyumbani, 15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na una haki ya kunikasirikia. Nimelia hapa mpaka nikashona mkono wa shati la mteja nje ndani. Kwetu tulifundishwa kushukuru kwa sauti. Anayeshukuru kwa kunong'ona alionekana ana lake jambo.

Lakini mimi si mtu wa kuharibu kisha nikakaa. Hilo la mwalimu kuitwa mzembe limenikaa kooni. Mwanamama wa watu, mchapakazi vile. Basi Jumatatu nilipanda basi bila kukwambia, nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa wanafunzi. Nimemweleza kwamba mwalimu wako hakuzembea hata chembe, alijua tangu mwanzo, na kile kikohozi alikuwa anakitoa makusudi. Mkuu amenisikiliza kwa heshima zote. Ameandika kila neno, kisha akanisindikiza mpaka mlangoni.

Najua Kijiti sijamrudisha. Ila jina la mwalimu nimelisafisha. Niambie amelipokeaje.

Mama yako


Bwenini, 29 Aprili

Mama,

Mwalimu amehama leo. Amesimamishwa kufundisha pia. Tulimbebea maboksi ya vitabu mpaka kwenye gari. Sebule yake imepigwa kufuli, na vyumba sasa vinakaguliwa na mlinzi. Anafungua mlango bila kubisha, hata tukiwa tunavaa.

Nilitaka kumwomba radhi. Akaanza yeye. Alinishika bega akaniuliza, "Mama hajambo? Siku ile alifika salama?" Nikamjibu hujambo.

Likizo hii sitakuja nyumbani. Nikija tutakaa jikoni kama siku zote, utaniuliza habari za huku, nami nitakusimulia. Naogopa kukusimulia.

Mwanao