Hadithi ya Fisi kwa Vidole vya Mama Komba

Lizaboni, Songea

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini mguu umepoa na mikorosho imeanza kuchanua vizuri. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku bado sijaizoea. Salum akikusomea barua hii atauliza kwa nini sikupiga simu. Mwambie habari hii nilitaka uisikilize taratibu, hata mara mbili.

Unajua nafundisha watoto wasioona. Kwa mashine yetu ya nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, huwa nanakili pia hadithi za sungura, kobe na fisi, maana vitabu vya masomo wanavyo, vya kufurahia hawana. Majuma kadhaa yaliyopita alikuja shuleni jirani yangu, Mama Komba. Haoni tangu alipougua surua utotoni. Alijifunza nukta nundu hadi darasa la nne, akaacha, na tangu hapo hajagusa kitabu. Alisema mjukuu wake Neema, wa darasa la pili, huleta nyumbani kitabu cha fisi akitaka asomewe, naye humwambia amsubiri mama yake.

"Nimechoka kumwambia asubiri," alisema.

Nilimnakilia kitabu hicho, nikampelekea nikijisifu moyoni. Vidole vyake vimekuwa vigumu kwa jembe, na ukurasa wa kwanza ulimchukua muda mrefu, lakini alikataa nimsaidie. Baada ya siku tatu akakirudisha.

"Mwalimu, umenipa nusu."

Nilikasirika, Mama, sikufichi. Nilikuwa nimekagua kila neno. Akanieleza kwamba fisi anainama kisimani, anaona mfupa mkubwa mweupe, anaurukia, anatoka mikono mitupu, amelowa. Hapo Neema hucheka mpaka anashika tumbo, na yeye hajui kinachochekesha. Kwake, mwenye njaa kukosa mfupa ni msiba.

Nikafungua kile kitabu cha Neema. Maneno hayasemi popote kwamba ule si mfupa. Picha ndiyo inayosema: ni mwezi, unaonekana majini. Miaka yote hii nimenakili maneno nikaruka picha, nikawapa watoto wangu vitabu nikidhani nimemaliza kazi. Niliona aibu.

Tukakaa kibarazani kwake, Neema katikati. Mtoto akawa anaeleza picha, mimi naandika. Alipofika kwenye mwezi, bibi yake akamsimamisha. Mwezi si uko juu? Umeingiaje kisimani? Mtoto akajaribu kueleza, akashindwa. Mimi mwalimu nikajaribu, nikashindwa vilevile. Mwishowe Neema akasema, "Bibi, ukiita kule mlimani sauti yako inarudi, lakini wewe hauko kule."

Mama Komba akasema, "Kumbe na macho yana mwangwi wake. Basi huyo fisi amerukia mwangwi." Ndipo akacheka, polepole kwanza, halafu hadi akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Nilitaka kuandika habari ya mwezi mwanzoni mwa ukurasa. Akanikataza. Alisema niiweke baada ya fisi kulowa, ili anayesoma kwa vidole naye adanganyike kwanza kama fisi. Nikafanya hivyo. Jumapili iliyopita nilipita kwao nikamsikia anasoma kwa sauti, neno moja moja, Neema ameegemea mapaja yake, kitabu cha picha amekiweka chini. Nilisimama nje ya ua nikasikiliza hadi mwisho. Sikubisha hodi.

Sasa narudia vitabu vyote nilivyonakili zamani. Ni kazi ndefu, nami siilalamikii.

Nina ombi, Mama. Ile hadithi ya kobe uliyokuwa ukitusimulia kwa Kiyao, mwisho wake umenipotea. Najua hadithi husimulii mchana. Basi Salum akurekodi kwenye simu baada ya magharibi, uisimulie bila haraka, kwa Kiswahili, niwapelekee watoto wangu wasikilize. Wewe hukuwahi kutuonyesha picha hata moja, na bado nikiambiwa leo nimchore yule kobe, nitamchora.

Nisalimie baba mdogo huko shambani, shangazi wa chapati pale sokoni, na wifi yangu, mke wa Salum, na kichanga chake ambaye sijambeba bado. Mungu akutunze, na dua zako zisinipungukie.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Rukia