Jiwe Jeusi Juu ya Vitenge

Aminieli, mdogo wangu,

Lile jiwe lako jeusi nimelivunja. Usishtuke, nisikilize kwanza.

Siku tulipogawana vitu vyako, baba mdogo alichukua koti na binamu akachukua redio. Jiwe lilipita mkono kwa mkono hadi shangazi akauliza, "Na hili nalo ni urithi?" Watu walicheka, hata mimi. Nililileta dukani Kariakoo, likawa la kukandamizia vitenge visipeperushwe na feni. Tangu ruksa ya biashara ije, mtaa umefurika. Machinga hupanga viatu hadi kizingitini kwangu, nami huwafukuza kwa sentensi zilizokamilika. Wananiita Mwalimu, ingawa chaki niliiacha zamani.

Wiki iliyopita alikuja Hamisi, mwenzako wa kazi ya kuchunguza miamba, akaliona. Alisema sasa ipo maabara ng'ambo yenye kipimo ulichokuwa ukikisubiri. Ila wanataka kiini kisichoguswa na mvua wala mikono, nao watakisaga kiwe unga.

Nilikataa. Ni kitu chako pekee nilicho nacho.

Lakini swali lako halikuniacha. Siku moja, ungali hai, ulikaa pale kwenye kigoda ukila mihogo, ukanieleza kwamba viumbe wadogo wa bahari ya kale walikufa, wakazama, wakawa tope. Tope likanasa metali iliyokuwa majini. Atomi za metali hiyo hiyo, nyingine nzito kidogo, nyingine nyepesi. Na uwiano wake ndani ya jiwe hueleza kama maji yale yalikuwa na hewa.

"Dada, hili ni tope linalokumbuka," ulisema.

Nikakukosoa: tope halikumbuki, hukumbuka mwenye akili. Ulicheka. "Subiri kipimo."

Je, bahari ile ilikuwa na hewa? Nilijiuliza hata nikipima kitenge, hadi mteja akalalamika, "Mwalimu, mbona unapunja? Leo uko wapi?" Basi nikamwita Hamisi.

Alilipiga nyundo pale pale kizingitini. Machinga walijaa. Lilipopasuka ilitoka harufu kama ya mafuta ya taa, na mmoja wao akauliza, "Mwalimu, kibatari kimemwagika?" Hamisi akawaeleza kuwa ni mabaki ya wale viumbe. Mimi niliinama nikanusa kipande. Ilikuwa harufu ya mkoba wako kila uliporudi safari, ile niliyokugombezea kabla hata hujanipa shikamoo.

Hamisi amechukua kiini. Vipande vya nje vimerudi juu ya vitenge. Jibu bado, nami ninalisubiri kama mtoto asubirivyo nguo ya sikukuu. Likija, Desemba nitapanda nalo nyumbani, nikusomee kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, katikati ya migomba ulikolala, neno kwa neno.

Kwa sasa pumzika, Aminieli. Na kuhusu tope, sikukosoi tena.

Dada yako,
Ndeshi