Kanzu Niliyoishonesha Mpwapwa

Ihumwa, kambi ya tuta la reli, nchi ya Ugogo

Kwa dada yangu Mwanakheri, uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutambaa. Shikamoo dada. Naomba karatasi hii ikukute mzima, na shemeji mzima, na watoto wanakula na kulala. Kifua chako kimetulia? Na mama je, bado anakwenda kisimani mwenyewe na hasikii la mtu? Mimi nipo. Zaidi ya hapo usiniulize kwanza. Funga mlango uisome peke yako, na mama akitaka kujua Omari kaandika nini, mwambie wino umevuja kwa jasho la mchukuzi na unausoma polepole. Si uongo mkubwa.

Nitakueleza kwa mpango, maana nikianza na mwisho utaitupa barua.

Unamkumbuka yule mpagazi aliyetuletea habari kwamba Faraji wetu anaumwa huku, na kwamba msimamizi hamwachii mgonjwa mpaka aje ndugu yake kumdhamini, tena ndugu mwenyewe awe mwungwana? Alisema, "Mwenye kanzu na kofia hupewa kiti. Mwenye shuka hupewa jembe." Maneno hayo yaliniingia kichwani yakafukuza mengine yote. Na asubuhi niliyotoka, mama alifungua sanduku lake akatoa sanda yake, ile bafta aliyoitunza miaka yote kwa karafuu na udi, akaniwekea mikononi. Akasema nikimkuta mdogo wangu yu hai, nimrudishe yeye na sanda pamoja. Nikimkuta hayupo, basi asifukiwe kwa majani kama mtu asiye na kwao. Wewe ulilia. Mimi nilikasirika, dada, niliona mama ananitia uchuro hata sijavuka mto.

Nilitoka na msafara nikiwa mpagazi, nauli sikuwa nayo. Mpagazi hubeba mzigo wa tajiri begani, na juu ya mzigo hufunga kifurushi chake mwenyewe: mkeka, kibuyu, chakula. Kinachozidi ni shauri lake na bega lake. Mimi nilikuwa na kanzu yangu ya Idi, kofia uliyonishonea, makubadhi, kioo, wembe, na ile sanda chini ya vyote. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mnyamwezi mmoja jina lake Katabi, aliyekuwa akitembea nyuma yangu, akasema sisi watu wa pwani hata kufa lazima tufe tunanukia. Kioo nilikitoa kwa muhogo siku ya nne. Makubadhi niliyavaa shingoni nikatembea pekupeku, yasije yakachakaa kabla ya kuonekana. Ndivyo nilivyo, unanijua.

Mzigo wangu uliishia Mpwapwa. Hapo tukaambiwa mbele yetu ni Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, na kila anayeendelea aongeze kibuyu cha pili, apunguze mengine. Nikakifungua kifurushi. Kanzu ya Idi ilikuwa imekwisha, mkono umechanwa na miiba, mgongo umeingia kutu ya mzigo. Sanda ilikuwa nyeupe pe. Ndipo Shetani akanipa hesabu nzuri: kitambaa kimoja, kazi mbili. Nikiishonesha iwe kanzu, kifurushi kitapungua, nitapata nguo ya kusimamia mbele ya msimamizi, na uchuro wenyewe utakufa, kwa kuwa sanda haina mshono. Ikishonwa si sanda tena, ni nguo ya mtu aliye hai. Niliona nimewashinda mama na Izraili kwa pamoja. Kanzu ya Idi nikaitupa palepale.

Fundi aliimaliza kwa siku moja, na kesho yake Katabi na wenzake walikuwa wanaondoka. Ningekwenda nao. Lakini shingo ilikuwa tupu, dada, haina darizi. Nikajiambia, msimamizi akiiona shingo tupu atajua huyu ni mtu wa hivihivi. Nikamwambia fundi atie darizi ya uzi mwekundu, tena nzuri. Katabi akasema atapita Ihumwa kabla yangu na atamwambia mdogo wangu kwamba nakuja. Akaenda zake. Mimi nikakaa barazani kwa fundi siku tatu, nikimwonyesha pa kupindisha uzi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wazee walisema, na mimi tumbo langu halikuuma hata kidogo.

Marenga Mkali sitakusimulia. Nilivuka na msafara mwingine na ulimi ukawa kama kipande cha ngozi. Lakini chini ya kibuyu nilibakiza maji kidogo, na nilipoiona kambi nikajificha nyuma ya mgunga, nikanawa uso, nikaosha miguu, nikalitupa shuka langu la njiani, nikavaa kanzu, kofia na makubadhi. Maji yakaisha hapo.

Na kanzu ilifanya kazi yake, siwezi kusema uongo. Msimamizi aliinuka. Nililetewa kiti. Mkalimani hakumaliza hata nusu ya maneno yangu, nikaambiwa ndugu yangu ni wangu, nimchukue nitakapo. Nilitembea kwenda kwenye vibanda vya wagonjwa nikijiona mtu mkubwa.

Faraji nilimtambua kwa masikio yake tu. Vingine vyote vilikuwa vimekwisha. Alikuwa amelala mlangoni, nje ya kibanda, juu ya gunia. Nikainama karibu naye, na Mungu anisamehe, nilivyoinama niliivuta shingo ya kanzu ili aione darizi. Yeye hakuitazama. Alivuta pumzi, zile karafuu zikamfikia, akafumbua macho.

"Kaka," akasema, "mbona umevaa sanda ya mama?"

Akaniomba maji, na kibuyu changu kilikuwa kikavu kwa sababu miguu yangu ilikuwa safi. Nilikimbia nikayapata kwa wachimbaji, nikamnywesha kwa kiganja. Akaniambia tangu Katabi alipompa habari alikuwa akitoka kila siku kukaa pale mlangoni aitazame njia. Siku tatu alikaa. Jana yake, kabla sijafika, ndipo mgongo ulipokataa. Alisema bila kunilaumu, dada, kama mtu anayeeleza habari za mvua, na hilo ndilo linaloniua. Katabi alimwambia pia kwamba kaka yako yuko Mpwapwa anashonesha kanzu, na Faraji alicheka, akasema huyo kweli ni Omari.

Kesho yake asubuhi jua lilipopanda kidogo alinishika pindo la kanzu, na hakuliachia tena. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Faraji wetu amefariki. Sasa umejua, kaa chini ulie, kisha endelea.

Watu watatu wa pwani waliomo humu kambini walimwosha kwa maji waliyojinyima. Mzee mmoja Mgogo, mchunga ng'ombe, alitukuta tunachimba. Akasema "mbukwa," ndiyo salamu yao, akaweka fimbo chini akachimba nasi mpaka mwisho. Sijui jina lake. Mimi nilikaa kivulini mwa kibanda nikifumua kanzu. Sanda haina mshono, nilikwambia, basi ilibidi mishono yote itoke. Nilifumua kwa mwiba wa mgunga na kwa meno. Mbavu zilifumuka upesi, mikono ikafumuka, lakini shingo ilikataa. Uzi ule mwekundu ulikazwa siku tatu, na mimi mwenyewe nilisimama pale nikisema kaza. Wenzangu waliniita mara mbili kwamba maiti anangoja. Hata nikamngojesha alipokwisha kufa, dada! Nilitoa nilichoweza. Kitambaa kilibaki na matundu, na nyuzi mbili tatu hazikutoka. Mdogo wetu amelala na uwekundu kidogo shingoni, na aliyeutia ni mimi.

Nilirudi kwa msimamizi kuomba ruhusa ya safari. Nilikuwa na shuka la kuazima kwa mmoja wa wale watatu, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Mkalimani akaniuliza yule mwungwana wa jana amekwenda wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Walitazamana. Kisha nikapewa kipande cha Faraji, ile karatasi inayotiwa alama kila siku ya kazi, kwa kuwa alama zake hazijatimia, na jembe. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Kiti kilikuwa palepale, hakuna aliyekisogeza.

Sasa kila asubuhi likiitwa jina la Faraji naitika mimi. Tunakula uji wa uwele, upepo unatujaza vumbi machoni, mikono yangu imechanika na usiku siwezi kuikunja. Kutoroka siwezi, mtu mwenye shuka asiye na karatasi ya ruhusa hukamatwa njiani tena na tena. Na nikifika huko, nifike na nini? Mama alisema sanda irudi na mtu. Akiniona mlangoni mikono mitupu atakuwa amekwisha kuambiwa.

Nisalimie shemeji. Nisalimie mwalimu wetu wa chuo, aliyenifundisha mwandiko huu, umwombe amsomee Faraji khitma kimyakimya. Nisalimie jirani yetu Bi Zuhura muuza vitumbua. Binti wa seremala, mchumba wa Faraji, usimsalimie bado.

Na mama utamwambia wewe, siku utakayoona anaweza. Lakini la kwanza, kabla ya lolote, mwambie asife. Mwambie Omari anamwomba sana asife mpaka nirudi. Hana cha kuzikiwa.

Ni mimi ndugu yako Omari, ambaye huku naitwa Faraji.