Masale ya Kona ya Mfereji

Jumamosi, 5 Aprili

Matokeo ya moki yametoka. Biolojia nimepata S. S! Yaani F iliyovaa tai. Mama kauliza S maana yake nini, nikamwambia siyo mbaya sana. Akasema basi tumshukuru Mungu. Nikaona aibu, nikaenda kumkatia ng'ombe majani.

Kemia najikongoja, Jiografia najua. Biolojia ndiyo inayoniua, na ndiyo ninayoitaka. Bila Biolojia hakuna chuo cha afya kitakachonitazama. Nitabaki hapa na ng'ombe, tutazeeka pamoja.

Praygod ana B. Na hasomi! — anasoma, ila napenda kusema hasomi. Huyu ni mtoto wa baba mdogo Ebenezeri, nyumba yao iko chini ya yetu, kihamba, yaani shamba la ukoo, kimepakana na kihamba. Tangu kidato cha kwanza tunasomea jikoni kwetu kwa sababu Mama hachoki kuchemsha chai. Leo kasema tunaanza upya, jenetiki kwanza. Nikamwambia we mwalimu mbaya, unafoka. Akasema we mwanafunzi mbaya, unafoka zaidi.

Mwaka jana ilibaki kidogo hata hilo jiko tulikose. Babu alipozikwa tu, Baba na baba mdogo wakagombana kuhusu mpaka wa chini. Miezi hawasalimiani! Bibi akawa analia kanisani waziwazi. Mwisho wazee wa ukoo wakaja, wakakaa, wakapanda masale ya mpaka, wakanywa mbege, yakaisha. Mimi siku hiyo nilikuwa shule. Niliporudi nilikuta ndoo tupu na Baba anaimba.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimesifiwa! Niandike kabla sijasahau inavyokuwa.

Mwalimu Leodegar alitaka kila mtu alete mmea wa monokoti, mzima, na mizizi yake yote. Maabara ni ndogo, kwa hiyo wasichana leo, wavulana kesho. Akatuonya: atakayeleta hindi atalitafuna mbele ya darasa, amechoka kila mwaka mahindi. Basi jana jioni, mvua inanyesha, nikashuka mpaka kona ya chini kando ya mfereji. Kulikuwa na masale machanga yameota pale, mafupi, mazuri. Udongo ulikuwa tope tupu. Yalitoka na mizizi kama yanaomba kutoka.

Darasani mahindi yalijaa meza. Mwalimu akashika langu juu — tazameni mishipa ya jani ilivyolala sambamba, tazameni mizizi! Akauliza nimetoa wapi. Nikasema yamejiotea tu kando ya mfereji. Pamela, yeye ni wa Dar, akauliza kwani hili jani lina nini. Zita akamweleza kwamba huo ndio mpaka wa shamba huku kwetu. Na ndio msamaha: mtu akikukosea akaja na jani la sale mkononi, huwezi kumkatalia, hata kama amekuulia ng'ombe. Pamela akasema, kwa hiyo Aika kang'oa msamaha akauleta maabara. Tulicheka mpaka tukafukuzwa nje.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui niandike nini.

Asubuhi baba mdogo amekuja hajavaa hata viatu. Hakuitikia shikamoo yangu. Alisimama uani akamwita Baba kwa jina lake, Filemon, siyo kaka. Akasema: umeanza tena. Masale ya kona umeyang'oa. Yale ya wazee!

Baba alitoka na kikombe mkononi. Hakuelewa kabisa, nilimwona usoni. Wakashuka wote, nasi nyuma yao. Vishimo viko pale, vimejaa maji ya mvua. Na hatua chache juu yake kuna mashimo mapya ya kahawa ambayo Baba amechimba wiki iliyopita. Mtu yeyote angeunganisha, akamshuku Baba.

Nilidhani yamejiotea. Nilidhani ya wazee ni yale marefu ya juu!

Baba akasema, Ebenezeri, umeyang'oa mwenyewe ili unisingizie. Baba mdogo akatema mate chini. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kabisa na shimo. Mdomo niliufungua. Mama akaniambia wewe nenda shule, mambo ya wakubwa haya. Nikaenda. Nilikimbia, kusema kweli.

Alhamisi, 10 Aprili

Praygod hakuja kusoma. Kikombe chake Mama alikiweka mezani kwa mazoea, halafu akakirudisha kabatini.

Nilikwenda nyuma ya maabara kuyatafuta. Yameshatupwa kwenye shimo la taka, yamechanganyika na mahindi, yameoza.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Mitende. Baada ya ibada wazee wa ukoo wamekaa kwetu. Nilikuwa nahudumia chai, kwa hiyo nilisikia vipande. Baba mdogo alisema hataki ugomvi, anataka tu mwenye mkono uliong'oa aseme. Mzee Jacob, mkubwa wa ukoo, akamgeukia Baba. Baba akasimama. Akavua kofia. Akaapa kwa kaburi la Babu kwamba hakuna mkono wa nyumba yake uliogusa masale yale, wala wake, wala wa mke, wala wa mtoto.

Wala wa mtoto! Birika lilikuwa mkononi mwangu. Nilimmwagia mzee Jacob chai kwenye kiatu, akasema pole mwanangu, umechoka na masomo.

Kabla ya leo ningesema ni bahati mbaya, ningechapwa maneno, basi. Sasa nikisema, Baba ameapa uongo juu ya kaburi la baba yake. Atakuwa mwongo yeye, siyo mimi. Nitasema baada ya Biolojia. Mtihani ukiisha nitasema yote.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita. Nyama ililiwa nyumba mbili mbalimbali. Haijawahi kutokea.

Leo tumepasua vyura. Mwalimu aliagiza kutoka majaruba ya Mabogini, wakaletwa kwenye ndoo yenye kifuniko cha kitenge. Siku zote Praygod ndiye ananishikia pini, kwa sababu mikono yangu inatetemeka. Leo alikwenda meza ya mwisho. Nilikata vibaya, nikatoboa mshipa mkubwa, damu ikajaa sinia, sikuona tena kilicho moyo na kilicho ini. Mwalimu akasema kwenye mtihani hiyo ni sifuri.

Wakati wa kunawa nilisimama naye kwenye bomba. Nikamwambia, Praygod, nisaidie hata hii ya vyura tu. Akasema bila kunitazama: muulize baba mkubwa, yeye ni hodari wa kung'oa. Halafu akaondoka. Aliponiachia sabuni nilitaka kumwita. Sikumwita.

Jumatano, 30 Aprili

Nasoma peke yangu. Nasoma ukurasa mmoja mara nyingi na hauingii. Mama anadhani ni mtihani unaonikondesha, ananipa maziwa.

Bibi amekuja mpaka kwenye mfereji, hakuvuka. Anaishi kwa baba mdogo, kwa sababu ndiye kitindamimba mwenye nyumba ya Babu. Akaniita kutoka ng'ambo. Nikamwamkia. Akaniuliza kama nakula. Akaniambia anaomba kwa Ruwa, Mungu wake, kila asubuhi ili aliyeng'oa masale yale afunuliwe. Nikamwambia amina. Kwa mdomo wangu huu!

Jumatatu, 5 Mei

Mitihani imeanza. Ya leo imekwenda. Praygod anakaa dirishani, mimi nyuma yake kidogo. Anaandika kama mtu anayepalilia, hanyanyui kichwa. Biolojia ya kwanza ni Ijumaa.

Jumatano, 7 Mei

Kemia asubuhi. Afadhali.

Mchana balaa. Baba amechoka kusubiri wazee, kapanda masale mwenyewe pale konani. Anaapa kayaweka palepale. Siyo palepale. Yameingia upande wa baba mdogo, kidogo tu, lakini yameingia. Vishimo vilishafukiwa na mvua, anayekumbuka vilikuwa wapi ni mimi.

Praygod alipotoka Kemia alimkuta Bibi amekaa chini kwenye majani, mbele ya masale hayo, analia huku ameshika kichwa. Alichukua panga. Nilikuwa dirishani kwetu nikamwona anapandisha mlima kuja kwetu — kahawa za Baba, zile kubwa za Babu, moja, nyingine, nyingine, anakata kwenye shina. Mama anapiga kelele jina lake. Baba alikuwa kwenye kituo cha maziwa. Alipofika Praygod ameshamaliza mstari mzima, amekaa kwenye jiwe, panga chini, bado na sare za shule.

Baba hakumpiga. Heri angempiga. Alitoa simu.

Alhamisi, 8 Mei

Polisi wamemchukua Praygod alfajiri. Kosa ni kuharibu mali. Baba mdogo alikwenda nyuma ya gari kwa miguu mpaka barabarani. Kituoni wamemwambia mlalamikaji akija kufuta, kijana anatoka saa hiyohiyo. Asipokuja, mpaka wiki ijayo.

Wiki ijayo! Biolojia ni kesho.

Mwalimu Leodegar kafika mwenyewe kumwomba Baba. Kasema huyu ndiye tegemeo letu pekee la A. Baba kamjibu kwa adabu, mwalimu, kahawa ile alipanda baba yangu, na nimeshaapa, na bado natukanwa. Mtoto atarudia mwaka ujao. Mwalimu hakumaliza chai.

Jua linazama nikamfuata Baba zizini. Alikuwa anakamua. Nikasema. Nikasema yote, hindi, mvua, maabara, Zita, yote, mkiani mwa ng'ombe pale. Nilikuwa nalia vibaya mpaka nikawa sieleweki, ikabidi nirudie.

Akaendelea kukamua. Nikadhani hajasikia. Maziwa yalipokatika akanyanyuka, akafunika ndoo. Akasema taratibu kabisa: hukuniambia. Nikasema nimekuambia sasa hivi, Baba. Akasema tena, akinishika bega, na mkono wake ulikuwa wa moto: Aikaeli. Hukuniambia. Nimeapa kwa kaburi. Unataka nikasimame wapi mimi? Kesho una mtihani. Nenda kale.

Mama aliuliza mlikuwa mnaongea nini. Baba akasema Biolojia.

Nampenda Baba. Hilo nalo liandikwe. Alinibeba mgongoni mpaka hospitali nilipokuwa na homa, mteremko wote, mvua. Leo nilimtazama anavyokula ndizi zake nikamwogopa.

Ijumaa, 9 Mei

Niko kwenye ngazi za chumba cha mtihani. Bado hatujaitwa. Daftari hili nitaliacha kwenye begi.

Baba kanisindikiza. Hajawahi kunisindikiza shule tangu darasa la kwanza! Kavaa koti la kanisani. Njia nzima aliniuliza tu kama nina kalamu ya akiba. Nilijua ananilinda nisiseme. Amesimama pale getini na hataondoka mpaka nimeingia.

Kiti cha dirishani kiko wazi. Namba yake imebandikwa mezani, nimeichungulia.

Zita kaniuliza nimesoma sura ya homoni. Nikasema ndiyo. Sikumbuki hata homoni moja.

Sasa baba mdogo amefika. Nilidhani kaja kupigana, nikasimama. Amevaa suti ya mazishi ya Babu. Ametembea moja kwa moja mpaka mbele ya Baba, akasimama, akaingiza mkono kwenye koti akatoa jani la sale. Amelifunga fundo. Analishika kwa mikono miwili!

Yeye! Yeye ndiye aliyekosewa, na yeye ndiye kaleta jani.

Nasikia kila kitu, siko mbali. Anasema: kaka, nimekosa. Kama nilikusingizia nimekosa. Kama mpaka ni wako, chukua, chukua hata na mgomba. Mtoto amekosa, nitapanda kahawa nyingine kwa mkono wangu. Piga simu tu. Kituo ni hapo barabarani, bodaboda inamleta sasa hivi, anaingia na wenzake. Nakuomba mbele ya jani hili.

Watu wote getini wamegeuka. Mlinzi kavua kofia. Wote wanajua Baba hawezi kukataa. Ila akilipokea ndiyo imekwisha, yeye ndiye msamehevu, baba mdogo ndiye mkosaji, mbele ya mashahidi, mpaka kaburini. Na mimi nitakuwa nimenyamaza milele.

Mikono ya Baba iko mfukoni. Haangalii jani. Ananiangalia mimi.

Kengele imelia. Mwalimu Leodegar anaita wasichana watangulie. Pamela ananivuta mkono, namwambia ngoja, ngoja kidogo. Baba mdogo kageuka kuona Baba anaangalia nini. Kaniona. Mikono yake bado iko hewani na lile jani, na amejaribu kunitabasamia.

Ananiambia, ingia mwanangu, usije ukachelewa kwa ajili yetu.