Upande wa Kushoto

Meru, Jumapili, Agosti 1996

Nyuzi saba juu ya jicho la Kirimi. Daktari anasema ataona.

Jana tulikuwa watatu nyuma ya bucha yake, tukicheza kwenye televisheni ile gemu ya katuni za Kijapani, wapiganaji wakirushiana mioto na kupondana kwenye miamba. Mdogo wake, Mwenda, alicheza upande wa kushoto. Alishindwa mara kumi na moja mfululizo.

"Wewe ni kondoo tu, kijana! Hata nikifunga macho nakuchinja," Kirimi alimcheka.

Mwenda akachukua chuma cha kunolea visu, akampiga nacho usoni. Damu iliruka hadi kwenye televisheni. Nilimshika kwa nguvu, naye akipiga kelele, "Niache nimmalize!" Sasa yuko seli.

Leo nimecheza peke yangu. Ngumi za upande wa kushoto haziumizi hata nusu ya zile za kulia. Nikarudi kwenye orodha ya mwanzo ya gemu, ya kupangia mchezo, ile ya Kijapani tusiyoweza kusoma, nikabadilisha mstari mmoja. Zikalingana.

Jana, kabla hawajaanza kucheza, ni mimi niliyebofyabofya orodha hiyo.

Kirimi anataka mdogo wake afungwe. Kesho, kabla hajaandikisha taarifa polisi, nitamwambia nilichofanya. Akitaka kupiga mtu, anipige mimi.